Mafuriko Yasiyomo Kitabuni Mwangu

Vijana wangu, wiki iliyopita wawili kati yenu walinitembelea hapa Chuno. Walinikuta barazani nachambua kisamvu. Mmoja akatoa simu akanionyesha mto, na sisemi picha ya mto, nasema kina chake! Kuna kifaa kimefungwa kwenye nguzo ya daraja, kinajisomea chenyewe, na kila baada ya robo saa kinatuma namba. Niliruka kutoka kwenye kiti, kisamvu kikamwagika, binti yangu akatoka ndani mbio akidhani nimeumwa na nge. "Bibi, ni kifaa tu," yule kijana akasema. Tu! Ningekuwa na magoti ya zamani ningemkimbiza na upawa mpaka Mtawanya.

Kwa hiyo naandika, kwa ajili yake yeye na wenzake wote wanaoanza kazi hii wakiwa na vifaa vizuri hivyo mikononi. Mimi ni Somoe, mzaliwa wa Mikindani, fundi wa vipimo vya maji mstaafu. Kazi yangu ilikuwa na mambo mawili: kujua mto unapitisha maji kiasi gani, na kujua maji hayo yamebeba udongo kiasi gani. Watu wakinisikia wanapiga miayo. Wapige. Sijawahi kuchoka nayo hata siku moja, na nilizaa watoto wanne katikati yake.

Nilianza kwa aibu kubwa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mzee Chipanda, Mmakonde mrefu mwenye sauti ya upole. Wiki ya kwanza alinipa chupa sita, akanituma nikateke maji ya mto baada ya mvua. Nikaenda. Maji yalikuwa mekundu, yana majani na vijiti. Sasa mimi nimelelewa na bibi ambaye mgeni akiletewa kata ya maji yenye chembe moja ya uchafu, nyumba nzima haikaliki. Nikaona siwezi kumpelekea mzee wa watu kitu kile. Nikaziacha chupa zitulie mpaka asubuhi, udongo ukatuama chini, nikamimina yale meupe ya juu kwenye chupa nyingine, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikampelekea huku nimejaa fahari.

Akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Akainua ya pili. Akavuta kiti akaketi.

"Mwanangu, haya maji mazuri sana," akasema. "Hata mtoto mchanga unampa."

"Ahsante, mzee."

"Sasa tope langu liko wapi?"

"Nimelimwaga, mzee."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kazi ilikuwa kuyapitisha yale maji kwenye karatasi ya kuchujia, kuikausha karatasi kwenye tanuri dogo, halafu kuweka kwenye mizani ule udongo uliobaki. Mimi nilikuwa nimemwaga kazi yote na kuleta maji. Kwa miaka mingi baadaye, kila mgeni akikaribishwa maji ya kunywa ofisini, mzee Chipanda alimwuliza kama anayataka ya kawaida au yaliyochujwa na Somoe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuteka. Ingia mtoni ukiwa umeuelekea mkondo, chupa iwe mbele yako, mdomo wake utazame juu maji yanakotoka. Ukisimama mbele ya chupa, unateka tope la miguu yako mwenyewe, kisha unakwenda kuandika kwamba mto ni mchafu. Ishushe pole na uipandishe pole, isiguse chini. Kitu chepesi kabisa, na bado nimewaona wenye vyeti viwili wakiteka matope ya viatu vyao.

Siku nyingine alinipeleka kule Ruvuma inakoingia baharini, maji yakiwa yamekupwa. Akachota tope katikati ya mikoko, akalibandika kiganjani mwangu.

"Unadhani hili ni la hapa?"

Nikalisugua kwa vidole. Lilikuwa laini, lina wekundu kwa mbali, na mchanga wa pale ufukweni ni mweupe. Nikasema si la hapa.

"Ee. Kuna mtu huko juu anatafuta shamba lake," akasema, akaendelea na safari akipiga mluzi. Mimi nilibaki nimeduwaa na lile tope mkononi. Nadhani siku ile ndiyo niliyoipenda kazi yangu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, ambacho hata leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Mzee Chipanda alikuwa ameshafariki, na fundi mkubwa nilikuwa mimi, tena mwenye kiburi chake, msidhani nawaficha.

Kuna mto mdogo, Namikuyu, unateremka kutoka nyanda za juu, unapita kwenye bonde la mpunga, kisha unaingia Ruvuma si mbali na pwani. Mwisho wa bonde, kijiji kilikuwa na banio, ukuta mfupi wa zege unaokinga maji ili yaingie kwenye bomba lao. Mvua za mwaka ule zilipoanza, banio likajaa tope mpaka juu. Bomba likatoa uji mwekundu kwa siku kadhaa, kisha likakauka. Watu wakarudi kuchota kwenye madimbwi, na kila aliyebeba ndoo akawa anatafuta wa kulaumu.

Macho yakawaangukia wanawake waliolima mpunga bondeni, upande wa juu wa banio. Mnaijua sheria ya mita sitini, kwamba usilime karibu na mto zaidi ya hapo. Majaruba yao yalikuwa nje ya mita sitini kwa hatua zao wenyewe, na ndani kwa hatua za wengine, maana mto nao ulikuwa unakula ukingo na kuhamahama. Aliyekuwa mbele yao anaitwa Anjelina, mama wa makamo, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji naye akazaliwa upande huu. Hakuwa na mikorosho wala shamba jingine. Majaruba yale mawili ndiyo yaliyolisha nyumba yake. Kijiji kilikuwa kimeitisha mkutano, na kama ingeonekana tope linatoka kwao, wangeondolewa bondeni msimu uleule, miche ikiwa bado kwenye kitalu. Jibu la Anjelina lilikuwa moja: mto umeanza kufurika mchana, unakuja na tope kutoka juu, na yeye mwenyewe unamfukia.

Kabla ya mkutano, mwenyekiti wa kijiji akaniita na kitabu changu. Pale karibu na banio tulikuwa na geji, yaani ubao wenye namba uliosimamishwa ndani ya maji. Msomaji wetu alikuwa mzee Issa, mkulima wa muhogo, mtu mwaminifu kupita kiasi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni alikwenda kutazama maji yamefika namba gani, akaandika kwenye fomu, nami nikazinakili kitabuni. Nikafungua kurasa mbele ya mwenyekiti. Msimu mzima mto haukuwahi kupita goti la mtu mzima.

"Hakuna mafuriko," nikasema. "Kitabu hiki hakijui kusema uongo."

Anjelina alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni. Akaniuliza polepole, "Mama, wewe ulikuwa kule mchana?"

"Sikuwa kule, lakini kitabu..."

"Na kitabu, kilikuwa kule mchana?"

Mwenyekiti akacheka. Mimi sikucheka. Anjelina akainuka, akanishika mkono kama mtu anayempeleka mtoto kuoga, akanivuta mpaka kwenye mkuyu mmoja ukingoni mwa mto. Akanyoosha kidole. Kwenye matawi, usawa wa kifua changu, zilikuwa zimenasa nyasi kavu, mabua na vipande vya magome ya miti, vyote vimepakwa tope lililokauka.

"Haya majani yamepanda yenyewe huku?" akauliza. "Au nyani ndio kayatundika?"

Nikayagusa. Yalikuwa ya msimu huu, bado yana ubichi ndani. Lo! Nyasi zilizonasa juu ya mti ni mwandiko wa mto wenyewe, mzee Chipanda alinifundisha hivyo kabla sijajua kushika chupa, na mimi nilikuwa nimeupita mti ule mara mbili asubuhi ile huku nimekumbatia kitabu.

Hasira hunitangulia siku zote. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee Issa, nikamkuta anamenya muhogo na mkewe.

"Mzee Issa, mto umefurika msimu huu?"

"Mara nyingi tu, bi mkubwa."

"Mara nyingi! Na mbona hukuandika?"

"Unakuja saa saba mchana. Saa kumi umeshakwenda zake. Fomu ina vyumba viwili, cha asubuhi na cha jioni. Nikuandikie wapi?"

"Pembeni! Ungeandika pembeni ya karatasi!"

Mzee Issa akaweka kisu chini. "Niliandika pembeni mwaka ule. Ukanigombeza hapahapa, mbele ya mke wangu. Ukasema karatasi ya serikali si ukuta wa choo."

Mkewe akatikisa kichwa kuthibitisha. Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Nakumbuka mpaka kidole nilichomnyooshea. Nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze, na nilimwomba radhi mbele ya mkewe vilevile, kwa kuwa ndipo nilipomvunjia heshima.

Lakini hapo ndipo kichwa kilipoanza kunichemka! Kwa nini zamani vyumba viwili vilitosha? Nilikuwa na vitabu vya miaka mingi, na mafuriko ya zamani yote yamo. Nikavifungua, usiku na mchana wangu wote ukaishia humo. Zamani mvua ikinyesha juu, Namikuyu ulipanda taratibu, ukakaa juu mpaka kesho yake, kwa hiyo mzee Issa akija asubuhi anaukuta bado umevimba. Maji yalikuwa yanashuka kwenye majani yaliyooza chini ya miti, yanazama, yanatambaa ardhini, yanatokea mtoni yamechelewa. Sasa yanakuja kwa haraka yote pamoja na kuondoka kabla ya chai ya jioni. Kuna kitu huko juu kilikuwa kimebadilika, na sisi sote tulijua kwamba bwana mmoja mwenye kibali alikuwa anavuna magogo huko tangu kiangazi kilichopita.

Siku iliyofuata yenye wingu zito juu ya nyanda, nilikwenda mtoni mapema na mwavuli, chupa na saa. Anjelina alikuwa kwenye majaruba yake. Saa nne tukasikia radi huko juu. Bondeni jua linawaka. Saa sita na nusu maji yakaanza kubadilika rangi, na saa saba, vijana wangu, saa saba kamili nikausikia ukija! Geji ikamezwa namba moja baada ya nyingine, nami naziandika, na mwisho nikashindwa kujizuia, nikapiga vigelegele peke yangu pale ukingoni.

"Unashangilia nini?" Anjelina akapiga kelele. "Hiyo inafukia kitalu changu!"

Nikageuka. Tope lilikuwa linapanda juu ya miche yake ya upande wa chini, naye amesimama na jembe, hana la kufanya. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata ile ya chupa sita ilikuwa mchezo. Furaha ya kazi yetu inakujia wakati mwenzio anapoteza kitu, na mimi sikuwa nimelitazama hilo hata mara moja. Nikateka chupa zangu, moja upande wa juu wa majaruba yake na moja upande wa chini, nikaondoka.

Mvua iliyofuata tulipanda na mto sote watatu, mimi, mzee Issa na Anjelina. Shikeni njia hii, maana hakuna kifaa kitakachowafanyia. Kila mto unapogawanyika, teka chupa moja kila upande, ziinue pamoja ukielekea mwangani, kisha fuata iliyo nyekundu zaidi. Pa kwanza tukafuata kushoto, pa pili kushoto, pa tatu kulia. Anjelina ndiye aliyekuwa anainua chupa, na kila mara anasema kwa Kimakua neno ambalo mzee Issa alikataa kunitafsiria.

Tukafika kwenye visiki. Nikasema, haya, mkosaji ndiye huyu! Nilishaanza kutunga ripoti kichwani kwamba miti iliyokatwa ndiyo iliyoleta tope. Nikateka maji yaliyokuwa yanachirizika katikati ya visiki. Meupe! Nikateka tena. Meupe. Chini ya visiki majani yalikuwa bado yamelala, mizizi bado imeshika udongo. Nilitaka kukaa chini nilie, mkosaji wangu amenikimbia.

"Mama, acha visiki," Anjelina akaniita kutoka pembeni. "Njoo uone barabara."

Zilikuwa njia za kuburutia magogo. Trekta lilikuwa linayakokota kutoka mlimani likishuka nayo wima, njia zote zinaelekea mtoni, na pale chini linavuka ndani ya maji. Udongo ulikuwa umepondwa ukawa mgumu kama sakafu, maji hayawezi kuzama hata tone. Kila njia ilikuwa mtaro mwekundu unaofika magotini, umekwenda moja kwa moja kwenye Namikuyu, na ukingoni pale miti ilikuwa imefagiliwa yote ili trekta lipite. Hapo palikuwa na majibu yangu yote mawili, la maji yanayowahi na la tope. Nilimkumbatia Anjelina, naye akaniacha nimkumbatie, bila kunikumbatia.

Niruke mbele kidogo, niwaambie zile njia zilifanywaje, kwa sababu mtaulizwa kazini. Tulichimba matuta ya kukatiza, yamelala kwa mshazari kwenye njia, kila hatua chache tuta moja, ili maji yatupwe porini kwenye majani badala ya kuteremka mpaka chini. Kivuko cha trekta kikafungwa. Ukingoni miti iliyobaki ikaachwa, na magogo yakawa yanaburutwa kiangazi peke yake, ardhi ikiwa kavu, kwa njia inayozunguka mlima. Mvua zilizofuata mto bado ulipanda mchana, nisiwadanganye, lakini ulichelewa na haukufika tena kwenye nyasi za mkuyu. Udongo uliopondwa hauponi kwa msimu mmoja. Mzee Issa nikamnunulia daftari lisilo na vyumba, aandike saa yoyote, na akaandika kila kitu, hata siku mbwa wake alipooga.

Sasa turudi kwenye mkutano, maana ulifanyika kabla ya hayo yote. Watu walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wengine madirishani. Bwana wa magogo alikuwepo na kibali chake kwenye bahasha. Anjelina na wenzake walikaa nyuma. Mwenyekiti akasema, "Fundi, tuambie kitabu kinasemaje."

Nikasimama. "Kitabu kinasema mto haukufurika," nikasema. "Na kitabu kimekosea. Aliyekifanya kikosee ni mimi. Mzee Issa aliyaona mafuriko, mimi ndiye niliyemkataza kuyaandika."

Yule bwana wa magogo akainua mkono. "Basi huenda hata leo anakosea," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Watu wakaguna kukubaliana naye.

Nikatoa bahasha yangu. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za kuchujia, za chupa nilizoteka siku ile ya kitalu. Nikawapa watu wa mbele wazipitishe mkono kwa mkono. Moja ilikuwa na ganda nene jekundu. Nyingine ilikuwa na vumbi jembamba.

"Hiyo nene ni maji kabla hayajaingia kwenye majaruba ya Anjelina," nikasema. "Hiyo nyembamba ni maji yakitoka. Yakifika kwake yanatawanyika, yanatulia kwenye matuta yake, yanaacha tope pale. Tope linalowasumbua bombani ni lile lililobaki baada ya yeye kubeba sehemu kubwa zaidi. Muondoeni, halafu lote lije kwenye banio."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Karatasi zikafika kwa mwenyekiti, akazitazama muda mrefu, akazisugua kwa kidole gumba. Kisha akasema hakuna atakayeondolewa bondeni, na kesho yeye na bwana wa magogo watapanda kwenda kuziona hizo njia. Watu wakapiga makofi, mzee Issa akasimama kabisa kupiga yake.

Anjelina hakupiga makofi. Nje mvua ilikuwa imeanza, naye akakaza kanga kiunoni akatoka. Nikamfuata mpaka bondeni nikiwa nimelowa chapachapa. Nilimkuta ameinama kwenye kitalu cha juu, kile kilichosalimika, anang'oa miche.

"Anjelina," nikasema, "nimekuja kukuomba..."

"Umeshasema kule," akanikata. "Nimesikia."

Akanipa fungu la miche, likichuruzika maji. "Mitatu mitatu, na mizizi isikunjike. Fanya haraka, tumeshachelewa."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye lile tope nililolipima miaka yote bila kupanda ndani yake hata mche mmoja, nikaanza kupanda.